Injinia Ameiva

Mimi ni mweusi tii, na weusi huu umenitunzia siri nyingi. Nikiona haya hakuna ajuaye, nikidanganya hakuna ajuaye, na nikinywa, mpaka nianze kuimba ndipo watu huuliza kulikoni. Nilikuwa naihesabu kama neema, hadi nilipoajiriwa kuwa mkalimani kwenye mradi wa barabara huko Kilimanjaro, chini ya injinia Mchina ambaye uso wake haujui kuficha kitu.

Robo glasi ya bia inamtosha. Wekundu huanzia masikioni, hushuka shingoni, kisha hupanda hadi kwenye kipara na kutulia hapo. Macho nayo huiva. Wakati huohuo akili yake iko timamu. Anaweza kukupigia hesabu ya kifusi cha kilomita nzima bila kushika kalamu. Ila ukimtazama, utaapa kwamba alilala kilabuni.

Shida iko kwenye ini. Pombe ikifika huko hugeuzwa kwanza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha kimeng'enya kiitwacho ALDH2 huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisichodhuru. Watu wengi wa China, Japani na Korea, yapata theluthi yao, wamerithi ALDH2 iliyo legelege. Ni kama pale saiti, malori yanapoendelea kumwaga kifusi na greda limekufa. Sumu inarundikana, mishipa midogo ya damu usoni inatanuka, moyo unakwenda mbio, kichwa kinagonga. Kulewa ni habari nyingine kabisa, inaweza kuja au isije.

Haya niliyajua baadaye. Mzee mmoja wa Kibosho, ambaye tulimjengea kalavati na maji yakaacha kuingia kihambani kwake, hakuwa na haja ya kuyajua. Yeye alitaka kutushukuru tu. Akatualika Jumapili moja, mbuzi akachinjwa, na mbege ikaletwa, ile ya ndizi na ulezi ambayo kwa Wachaga ni heshima kabla haijawa pombe.

Mzee akaionja kwanza mwenyewe, kama desturi inavyotaka, ili mgeni aone haina kitu ndani. Kisha akampa Injinia kata yake na kuinua ya kwake. Sasa, Injinia kwao amefundishwa kwamba unapogonga kikombe na aliyekuzidi umri, chako kikae chini ya chake. Akaishusha kata yake. Mzee, kuona mgeni anajishusha, akaona aibu naye akashusha ya kwake. Injinia akashuka tena. Nusura wapige magoti wote wawili, na mkalimani sikuwa na la kutafsiri, maana hakuna aliyesema neno.

Mwishowe wakanywa. Mbege si kali, lakini ukali haukuhusika. Kata haijafika nusu, Injinia akawaka. Shangazi mmoja aliyekuwa akigawa nyama akasimama na sinia mkononi.

"Mgeni amewekewa kitu," akasema.

Kimya. Kisha macho yote yakamgeukia mama aliyepika pombe. Mama wa watu akaweka mikono kiunoni. "Mzee si kanywa mbege hiyohiyo? Mbona yeye yuko hai?"

Swali lilikuwa zuri, na kama tungekuwa mahakamani kesi ingeishia hapo. Lakini shangazi alishapaza sauti: "Maziwa! Mpeni maziwa!" Kwetu, mtu akinywa sumu hupewa maziwa, na asiyenywa sumu lakini akafanana na aliyekunywa hupewa pia. Mjukuu akatimua mbio kwenda zizini, akarudi na jagi zima la maziwa ya asubuhi.

Injinia alidhani hiyo ni sehemu ya sherehe. Akanigeukia na kuniuliza kwa Kichina: "Yote?" Nikamuuliza mzee. Mzee akasema yote. Injinia akanywa bila kupumua, kisha akaligeuza jagi mdomo chini, watu waone kwamba ameheshimu nyumba.

Hapa niseme jambo jingine kuhusu miili ya watu. Wachina walio wengi wakishakuwa watu wazima hupungukiwa kimeng'enya cha kumeng'enya sukari iliyo katika maziwa. Kwa hiyo tulikuwa tumechukua mtu ambaye ini lake halielewani na pombe, tukamtibu kwa kitu ambacho utumbo wake hauelewani nacho. Haukupita muda akanisogelea na kuniuliza choo kiko wapi. Akaenda nyuma ya migomba, akarudi, akaenda tena. Shangazi akawa anahesabu kila safari kwa kuridhika. "Mnaona? Inatoka hiyo!" Mpaka leo anasifiwa kijijini kwa kuokoa maisha ya mgeni. Mama wa mbege hamsalimii.

Mfamasia niliyemsimulia mkasa huu alicheka, akaniambia kuna watu hutafuta kwa makusudi hali hiyo ya kuiva kwa pombe. Miaka ya 1940 huko Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakichunguza disalfiramu kama dawa ya minyoo. Wakaimeza wenyewe kuijaribu, na baadaye wakigusa pombe kidogo tu nyuso zinawaka na mioyo inakimbia. Dawa ilikuwa inakizuia kimeng'enya kilekile cha ALDH2. Mwaka 1948 wakaitangaza kwa kazi nyingine, na hadi sasa hupewa watu wanaotaka kuacha ulevi. Injinia wangu amezaliwa nayo mwilini, bure.

Wapo wenzake vijana wanaomeza vidonge vya kiungulia kabla ya karamu ili wasiive. Uso unanyamaza, sumu inabaki palepale, nao wanaongeza glasi. Huo kwangu ni ujinga wa wasomi, maana madaktari wanaonya kwamba watu wa aina hii wakizoea kunywa, hatari yao ya saratani ya umio huwa kubwa kuliko ya wengine. Injinia hataki vidonge. Siku hizi anakunywa soda.

Isipokuwa wakubwa zake walipokuja kukagua mradi. Kambini ikafunguliwa pombe yao ya mtama, asilimia 52, na soda haikukubalika. Lakini kwao bosi asiyeweza kunywa anaruhusiwa kunywewa na mtu wake. Injinia akalamba tone moja la adabu, akawaka, kisha akaninyooshea kidole.

Nikanywa yake na yangu. Wakubwa wakanitazama usoni, wakaona hakuna kilichobadilika, wakafurahi, wakajaza tena. Walikuwa wekundu meza nzima, mimi peke yangu nimekaa pale mweusi na mtulivu, mtu wa kuaminika. Wakati wa kuagana niliwashukuru wakubwa kwa hotuba ndefu ya Kichaga. Kisha nikaenda getini, nikamshika mlinzi bega na kumweleza kwa Kichina, kwa utaratibu, jinsi ya kupanga magari.

Mlinzi akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Halafu akachungulia nyuma yangu, akaninong'oneza:

"Kaka, umchunge Injinia usiku huu. Amelewa vibaya yule."