Karatasi za Ukoo na Panya wa Kichangani

Kaka yake Bibi alifariki kwao Kinole, na arobaini ilipokaribia ikabidi ijulikane nani atarithi jina lake. Kwa Waluguru jina la marehemu haliachwi lipotee: mpwa wake hulirithi, na tangu siku hiyo watoto humwamkia kama babu. Ndivyo jina la Chifu Kingalu lilivyovuka vizazi hapo hapo Kinole. Mwaka 1963 serikali ilifuta mamlaka ya machifu, lakini jina likabaki, na leo Soko Kuu la Morogoro linaitwa Chifu Kingalu.

Basi mdogo wangu akaona achore ukoo mzima. Ukuta wa sebule ya Mama, Kichangani, ukajaa karatasi za manila zilizobandikwa kwa uji wa unga wa muhogo. Alimweka Babu, yaani huyo marehemu, juu, chini yake watoto wake, kisha wajukuu, kwa kufuata vyeti vya kuzaliwa: jina lako, la baba, la babu. Kazi nzuri, mwandiko umenyooka.

Usiku panya wakaunukia ule uji. Tulisikia karatasi zikichanika, Mama akatoka na ufagio, mdogo wangu akasukuma kabati la vyombo ili awafikie, mguu wa kabati ukavunjika. Chupa ya chai ikapasuka, sahani za wageni zikamwagika sakafuni. Asubuhi upande wote wa watoto wa Babu ulikuwa vipande vipande nyuma ya kabati.

Bibi aliposhuka kutoka Kinole alitukuta tunaviunganisha mezani. Tukamwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akasoma kimya.

“Hawa ni watoto wake kweli,” akasema, “lakini ni wa ukoo wa mama yao. Jina haliendi huko. Mtafuteni mwana wa dada.”

Akaomba daftari. Akaanza na mama yake, akapanda kwa mama wa mama yake, akashuka kwa dada zake mmoja mmoja, na shamba la kila mmoja, kwa kuwa mashamba nayo hufuata lukolo, ukoo wa upande wa mama, chini ya ulinzi wa wajomba. Mama mkubwa wa Matombo hana cheti, ila Bibi anakumbuka alizaliwa mwaka watu walipokataa amri ya Waingereza ya kuchimba matuta milimani. Mdogo wangu akaandika 1955.

Akamuuliza pia kuhusu Babu, maana kwenye manila alikuwa amekusanya habari zake zote: alificha mtama Waingereza walipowafukuza Wajerumani Morogoro mwaka 1916, akabishana na mabwana shamba wa matuta, akazikwa juzi.

“Hao ni watu watatu,” Bibi akajibu. “Mjomba wangu, mwenzake aliyemrithi, na kaka yangu. Jina ni moja.”

Nilisisimka. Vyeti vyetu vyote vimehifadhiwa vizuri, na hakuna hata kimoja ambacho kingetufikisha kwa mama wa mama yake Bibi.

Mrithi amepatikana, mwana wa dada yake mdogo, na wajomba wamemkubali. Bibi bado anatudai safari ya Mgeta: dada yake mwingine aliolewa huko, na watoto wake hawamo daftarini. Mama amenunua mtego wa panya, na fundi wa kabati anakuja Jumamosi.