Afufukie Ugenini, Amsalimie Nani?

Makundi ya WhatsApp niliyonayo mengi ni ya waliokufa. Mtu wa kwetu akifariki hapa Mjambere, Kisauni ya Mombasa, machozi hayajakauka, tayari namba nisiyoijua imeniingiza katika kundi lenye picha ya marehemu na mshumaa. Dakika chache baadaye inashuka orodha. Mwenyekiti, elfu tano. Katibu, elfu tatu. Sisi wengine tunajipanga chini kwa kadiri ya aibu zetu.

Asiyewahi kuchangishwa hivi hajui mateso ya orodha. Ukituma pesa, unanakili orodha nzima, unajiongeza mwishoni, unairudisha kundini. Shida ni pale watu wawili wanapofanya hivyo kwa pamoja. Mimi najiandika namba kumi na saba, roho kwatu, halafu jamaa mmoja wa Changamwe ananakili orodha ya asubuhi, anajiweka yeye kumi na saba, mimi nimefutika duniani. Jioni mweka hazina ananiandikia kwa upole unaotisha: "Ndugu, bado hatujakuona." Ndiyo maana nakitumaini kile Kitabu cha Uzima. Angalau huko anayeandika ni mmoja.

Na pesa zenyewe ni za nini? Za safari. Sisi tuliotoka Butere, magharibi ya Kenya, hatuzikwi Mombasa, ati. Lazima turudishwe, zaidi ya kilomita 800, na gari la maiti, na basi la waombolezaji, na fulana zenye picha ya marehemu akiwa mnene. Kule kuna hema, vipaza sauti na ng'ombe. Tukingoja zitimie, mochari inahesabu siku zake, na hesabu ya mochari haijawahi kufutwa na mtu wa Changamwe.

Jirani yangu, mzee wa Kiislamu tunayepakana ukuta, alifiwa na kaka yake alfajiri. Baada ya adhuhuri tulikuwa makaburini, na alasiri tukanywa kahawa barazani. Sasa sisi tuna marehemu wetu mochari, na kila jioni akirudi kutoka msikitini ananisimamisha.

"Bado hamjazika?"

"Bado, mzee wangu."

"Mwangoja nini?"

"Mchango."

Anatikisa kichwa. "Nanyi ndio msemao Yesu alikaa kaburini siku tatu. Wenu kufika tu kaburini ni wiki tatu."

Sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu huenda kumwaga swali kwenye kikao cha mazishi. Tuliketi nyuma ya kanisa kwenye viti vya plastiki, na juu ya kiti kimoja imewekwa simu, spika wazi, shangazi akituongoza kutoka Butere. Nikauliza kwa adabu: sisi kila Jumapili twakiri kwa sauti moja kwamba tunaamini ufufuo wa mwili. Kwani tukimzika huyu ndugu hapa hapa, makaburini Mbaraki, hatafufuka?

Watu wakatazama viatu vyao. Simu ikakohoa.

"Atafufuka, nani amekataa?" akasema shangazi. "Lakini mwanangu, afufukie ugenini, amsalimie nani?"

Kikao kikapiga makofi. Mwenyekiti akaongeza bajeti ya basi.

Nilirudi nyumbani nikinung'unika, na bado nanung'unika, maana jibu la kumpa shangazi liko hapa hapa Kisauni. Ukipanda matatu kuelekea mjini, kondakta atakuitia Kengeleni, na kengele hiyo ilikuwa ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa CMS walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua. Wengine walichukuliwa wangali wadogo, hata jina la kijiji chao hawalijui. Mtu kama huyo akifa, basi la kumrudisha lielekee wapi? Walizikana hapa, na waliobatizwa wakaamini kwamba parapanda itawakuta hapa hapa, na wa kusalimiana nao watakuwa jirani zao wa kaburi. Kabla yao kuna Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga upande huu wetu wa bara. Hakuna jahazi lililokodiwa kuwapeleka Ulaya. Kaburi liko hadi leo.

Kwa hiyo msiniambie ufufuo ni habari ya Pasaka tu, kula pilau Jumapili na kulala Jumatatu kwa kuwa serikali imetupa likizo. Unaingia mpaka mfukoni. Paulo aliwaandikia Wakorintho sura nzima ya kumi na tano, ndefu kweli, kuwabana waliosema wafu hawafufuki. Fungua sura ya kumi na sita: mstari wa kwanza kabisa, mchango! Nilipoliona hilo nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuchungulia. Hata mtume hakupumua: kiyama, kisha changeni. Lakini soma ulikokuwa unaenda. Ulikuwa wa watu wa Yerusalemu walio hai na wenye shida, na kila mtu alitakiwa kuweka akiba siku ya kwanza ya juma, kadiri ya kipato chake. Fulana hazikutajwa.

Huyu ndugu tunayemsafirisha aliugua miezi mingi katika chumba kimoja nyuma ya kinu cha posho. Hakuwa na kundi la WhatsApp.

Basi nikaandika kundini, kwa herufi kubwa, kwamba tuanze mchango wa wagonjwa, kila Jumapili, kidogo kidogo, na kwamba mimi nikifa nizikwe Kisauni, pesa ya basi iende kwa wagonjwa. Nilipata amina nyingi na mikono mingi ya kusali. Orodha haikuonekana. Mwenyekiti akasema wazo ni zuri, tutalijadili baada ya mazishi.

Usiku shangazi akanipigia, mimi peke yangu, bila spika.

"Nasikia unataka kuzikwa Mombasa."

"Ndiyo, shangazi."

"Haya, hatukatai. Ila sisi huku ni watu wengi, basi moja halitutoshi. Na hoteli mtuwekee karibu na bahari."