Sifa za Mshika Usukani

Watu wa Kahama husifia mengi: mchele wao, ng'ombe wao, hata vumbi la barabara ya Kakola likishaleta wateja. Kitu kimoja hakijapata msifu, nacho ni klasta ya kontena, yaani kundi la kompyuta linaloendesha programu iliyokatwa vipande viitwavyo huduma, ile ambayo fundi wa programu huinamia usiku kucha akiwa mbali nayo, akitaka kujua kwa nini huduma moja kati ya 14 imegoma. Makala haya yanalipa deni hilo. Mwandishi wake ameishi na klasta miaka mitatu na meno yote bado anayo.

Kwanza nasaba. Kubernetes, programu inayoendesha klasta hiyo, ilitangazwa na Google Juni 2014, na jina lake ni Kigiriki: mshika usukani. Wajuzi huandika K8s, maana kati ya K na s kuna herufi nane, na mwenye haraka hana muda wa herufi nane. Muda wa kutafuta kosa siku mbili anao.

Fadhila kuu ya klasta ni upendo. Ikishaagizwa kupima uhai wa huduma, bila kupewa masharti mengine, kila sekunde 10 huigongea mlango: hujambo? Hungoja jibu kwa sekunde 1. Ikikosa jibu mara 3 mfululizo, huamua kwamba mwenyeji amekufa, humzika na kumleta mwingine mwenye sura ileile.

Sasa, anayetafuta kosa hana budi kuisimamisha programu katikati ya mstari ili aone imebeba nini. Programu iliyosimamishwa haijibu salamu. Basi fundi yuko Kahama, mitambo iko Cape Town, ambako Amazon ilifungua kanda yake ya kwanza Afrika mwaka 2020. Ameunganisha kompyuta yake kupitia mlango namba 5005. Programu imesimama palepale alipotaka. Anasogeza kikombe cha chai, anainama asome, na klasta, kwa mapenzi yake, imeshammaliza mgonjwa juu ya meza ya upasuaji. Nusu dakika tu! Mzee wa Kisukuma akishasema "Mwangaluka" huulizia watoto, ng'ombe na mvua ya juzi, na nusu dakika ikipita bado hajaigusa shida iliyomleta. Kwa kipimo cha klasta, Shinyanga nzima ni maiti.

Mtu atasema kipimo hicho kizimwe wakati wa kazi. Kweli, kinazimika. Anayekizima ni mwenye ruhusa, na huyo tutamfikia.

Fadhila nyingine ni za kutaja tu. Hufundisha unadhifu: nafasi moja ikikaa vibaya mwanzoni mwa mstari wa YAML, lugha ya kuandikia maagizo yake, faili zima linaweza kukataliwa. Huleta umoja wa Afrika Mashariki, kwa kuwa yenyewe hukaa mbali: Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, mafundi wa Tanzania na wenzao wa Kenya na Uganda waliduwaa mbele ya kurasa zisizofunguka. Nayo klasta ina subira. Huduma ikifa mfululizo, hungoja sekunde 10 kabla ya kuifufua, kisha 20, 40, 80, 160, hadi dakika 5. Kuanzia hapo huifufua na kuizika kila dakika 5 bila kuchoka.

Wachimbaji wadogo wa Geita wana neno marudio: mchanga ulioshaoshwa ambao bado una dhahabu kwa anayejua kuuchenjua. Logi za klasta, yaani kumbukumbu za yaliyoisibu, ni marudio ya namna hiyo, marundo 14 kwa pamoja. Tena kwa kawaida, kontena inayokufa na kufufuka huacha logi za kifo chake cha mwisho tu. Waliotangulia wamekwenda na siri zao.

Zana za kusaidia zipo. Telepresence humwezesha fundi kuendesha huduma moja kwenye kompyuta yake, huku zile 13 zikidhani mwenzao yuko nazo kule kule. Ni uvumbuzi mzuri, bila utani. Unataka umeme, intaneti na kibali.

Kibali. Hapa sifa zinamkwama mwandishi kooni. Chama kimoja cha kuweka na kukopa mkoani Geita, ambacho daftari lake lote lingeenea kwenye kompyuta moja ya mezani, kiliuziwa huduma 14 kwa sababu zabuni ilitaka mfumo "wa kisasa". Mshauri mwelekezi akakabidhi mfumo, akapiga picha, akaondoka na ruhusa zote kwenda nazo Dar es Salaam. Ijumaa jioni huduma ya risiti ikafa. Mshauri yuko harusini, simu haipatikani. Jumatatu, karani akamwambia mama aliyetoka Nyarugusu maneno aliyofundishwa: "Mama, mtandao unasumbua, urudi kesho."

Mtandao haukuwa unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima, karani mwenyewe alikuwa akitazama video. Nchi hii mtandao umebebeshwa uzembe wa kila mwenye ufunguo aliyeamua kukaa nao mfukoni, na hauna mdomo wa kujitetea.

Kwenye soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, mizani haikai mfukoni mwa mtu, iko mezani. Mchimbaji anaiona namba. Akitia shaka anasema pima tena, wanapima tena.

Mshauri alipatikana Jumanne saa kumi jioni. Kwa hesabu ya dakika 5, klasta ilikuwa imeshaifufua na kuizika huduma ile zaidi ya mara 1,000. Kosa lilikuwa jina la hifadhidata: mahali pamoja aliandika "risiti", pengine "lisiti". Kurekebisha kulichukua dakika mbili. Mama wa Nyarugusu alipata risiti yake Jumatano, kwa nauli ya safari ya tatu.