Nakuzwa kwa Nguvu

Kila mtu katika mji huu ananihimiza nikue kiimani. Paroko ananihimiza kila Jumapili. Mhubiri wa stendi ya Msamvu mwenye spika iliyochoka ananihimiza kabla sijapata basi. Mke wangu hasemi kitu, ananitazama tu. Wanachonificha wote ni nikue mpaka wapi. Mtoto wa shule akifika darasa la saba hufanya mtihani akapumzika kidogo. Mimi nina hamsini na ushee na bado naambiwa nijitahidi.

Mpango wangu wa kukua nilikuwa nao, na haukuwa na gharama. Ukiishi Morogoro, ukiinua macho tu unakutana na Uluguru. Mji huu tunauita mji kasoro bahari, maana Mungu alitupa vingine vyote, na milima akatuwekea mlangoni kabisa. Nikajiambia hakuiweka pale kwa ajili ya watalii peke yao. Aliwafikiria na watu wasiopenda vikao. Basi Jumamosi moja alfajiri nikabeba Biblia na chupa ya maji, nikapanda zangu Morningside, pale kwenye jumba la zamani walilojenga Wajerumani, nisali peke yangu. Antoni Abate alikwenda jangwani. Mimi nilikwenda na sweta.

Kosa ni la minara. Juu zaidi ya Morningside kuna kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na juu ya Bondwa wamesimika minara ya mawasiliano. Nyumbani kwangu Kihonda, ili simu ishike, sharti nisimame dirishani nimekunja shingo. Kule mlimani mtandao umejaa pomoni. Sijafika katikati ya Baba Yetu, ujumbe ukaingia kutoka kundi la jumuiya: “Tumsifu Yesu Kristo. Wanajumuiya ambao hawajaonekana leo ni wafuatao.” Jina langu lilikuwa la kwanza, na orodha haikufuata alfabeti.

Kwa asiyejua, Mkatoliki wa huku haonekani kanisani, anaonekana jumuiyani. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la maaskofu wa Afrika Mashariki na Kati, walipokutana Nairobi mwaka 1976, walisisitiza jambo hili: Kanisa lishuke mitaani, majirani wasali pamoja kwenye nyumba zao, walisome Neno, wasaidiane. Wazo zuri mno kwa mtu anayelisikia akiwa mbali. Ukitaka mtoto abatizwe, utaulizwa jumuiya yako. Ukitaka ndoa, jumuiya. Na siku ukifa, ambapo huna tena nafasi ya kujitetea, ataulizwa Mama Mwenyekiti wa jumuiya: “Marehemu alikuwa anasali?” Tatizo la Mama Mwenyekiti ni kwamba hasemi uongo.

Tunakutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo hata jogoo wa mtaani kwetu anaifikiria mara mbili. Wimbo, Injili, tafakari, maombi: vyote hivyo haraka haraka. Kisha yanakuja matangazo ya michango, na hapo ndipo watu hukaa vizuri kwenye mikeka. Zaka. Tegemeza Jimbo. Uzio wa kanisa. Sare za kwaya, ambazo hubadilishwa kila mwaka ingawa sauti ni zilezile. Rambirambi. Jubilei ya padre ambaye hatujawahi kumwona, ila tumeambiwa anatuombea.

Nililalamika kwa mzee mmoja wa jumuiya yetu, mwenyeji wa Matombo, mstaafu wa reli. Akacheka. Akaniambia kutoa huku hakukuletwa na mapadre. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walitua Bagamoyo mwaka 1868, na Matombo wakafungua misheni mwaka 1897. Lakini kabla yao watu walikuwa wakitoka hata Uzaramo kuja huku Uluguru, kwenye pango la Kolelo, kuomba mvua, na hakuna aliyekuja mikono mitupu. Nikamjibu kwamba kwa Kolelo angalau ulikwenda mwenyewe ukiwa na shida ya mvua. Jumuiya inakufuata nyumbani hata mwaka wa mafuriko.

Kinachonishangaza zaidi ni hawa hawa Waluguru, wenyeji wa milima hii. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwalazimisha walime matuta ya ngazi milimani, wakakataa, Matombo pakachafuka mpaka polisi wakafyatua risasi. Waliwagomea Waingereza wenye bunduki. Leo Mama Mwenyekiti, mwanamke mfupi anayeuza njegere za Mgeta, akisema Alhamisi tunakwenda kufagia kanisa, mzee wangu wa Matombo anatangulia na ufagio wake begani.

Hayo yote ningeyavumilia kama si jirani yangu. Mimi na yeye tuna jambo letu. Minyaa yake, iliyopandwa kwa mstari mnyoofu, imeingia kwenye kiwanja changu nusu mita. Bikoni ipo, mashahidi wapo, na barua ya kwenda Baraza la Kata nilikuwa nimeshaiandika kwa mkono mzuri. Jumamosi iliyofuata ile ya Morningside tukasali kwake. Injili ikawa ile ya Petro kuuliza amsamehe ndugu yake mara ngapi. Sikumwona aliyeichagua, nimeambiwa inapangwa Roma.

Ulipofika wakati wa kushirikishana Neno, watu wote wakakaa kimya wakitazama minyaa. Mtaa mzima unajua. Mwalimu, yaani katekista wetu, akakohoa. Jirani akaombwa aongoze maombi. Bila aibu akawaombea “wote wenye kinyongo moyoni,” na jumuiya nzima, mke wangu akiwemo, wakaitikia kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Kisha tukaambiwa tutakiane amani. Akanipa mkono. Ningefanyaje? Nikaupokea. Na mtu ukishampa mkono jirani mbele ya Mama Mwenyekiti, Baraza la Kata huendi tena. Kesi niliyokuwa naishinda ikafia pale mkekani, na minyaa inaendelea kunawiri.

Nimelitafakari jambo hili kwa hasira, na hasira yangu imenifikisha mahali nisipopapenda. Kule Morningside niliwasamehe watu wote kwa dakika chache, jirani akiwemo, nikateremka nikijiona mtakatifu. Niliwasamehe kwa sababu hawakuwapo. Jumuiyani nimemsamehe mtu mmoja, tena kwa shingo upande, na imenigharimu nusu mita ya ardhi. Kama huku ndiko kukua, basi mtu hakui kwa kupenda. Anakuzwa na watu ambao asingewachagua hata kwa safari ya daladala: muuza njegere, mstaafu wa reli, kijana wa bodaboda anayesoma Injili kwa mwendo wa bodaboda, na mwenye minyaa. Ningepewa nafasi ya kupanga jumuiya yangu mwenyewe, ingekuwa na mimi na Mtakatifu Antoni, na Antoni asingeongea sana.

Sasa zamu ni yangu. Jumamosi hii wanasali kwangu. Tangazo limesema, kama ilivyo desturi, “chai siyo lazima.” Mke wangu alipolisikia akachukua kapu akaenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Amerudi na magimbi, mkungu wa ndizi za Kinole, maziwa, unga wa maandazi na vikombe vipya, kwa sababu vya zamani vimepasuka midomo na mke wa jirani anaviona. Nikamkumbusha kwamba siyo lazima. Akaniambia, “Baba, wao ndio wanaosema siyo lazima. Sisi tunapika.”

Kwa hiyo zaka yangu ya mwezi huu imekwisha kuwa magimbi. Naomba atokee mwanajumuiya aliyekomaa kiimani akamweleze Mama Mwenyekiti. Mimi bado nakua.