Mafiga Matatu, Hongera!

Siku hizi wataalamu wanahimiza kila nyumba ijue umeme wake unakwenda wapi: friji inakula kiasi gani, pasi kiasi gani. Sisi wa Opala, hapa Kongo, hatuna kero hiyo. Nguzo za umeme wa Kisangani hazijafika kwetu. Watafiti walifika mwaka 2007, wakamkuta kima anayefugwa nyumbani, na mwaka 2012 wakamtangazia ulimwengu kuwa ni kiumbe kipya, ingawa wenyeji walikuwa wakimwita lesula siku zote. Mafiga yetu, mawe matatu ya kupikia, waliyapita bila kuyatazama. Acha basi niyasifu mimi, maana wanaoyatukana wametosha.

Mafiga hayatumi bili. Mwenye nayo hajui kukatiwa moto mwisho wa mwezi. Mawe yanaokotwa, kuni zinaokotwa, na wanaoziokota ni mama na binti zake, ambao kwa bahati njema hawalipwi. Wakirudi jioni na mzigo kichwani, baba hutangaza kwamba moto wa nyumbani kwake ni wa bure. Hesabu safi kabisa.

Tena ni karimu. Waliopima moto wa namna hii wanasema katika kuni kumi, joto la moja au moja na nusu hivi ndilo linaloingia kwenye chungu. Lililobaki linagawanywa: upepo unapata, paa linapata, mbuzi aliyelala pembeni anapata, uso wa mpishi unapata zaidi. Tazama sombe inavyopikwa. Majani ya muhogo yamekwisha kutwangwa, na sharti yachemke sana ili sumu yake itoke. Saa moja inapita, ya pili inaingia. Mpishi anasukuma kuni ndani, anapuliza, anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, anasukuma tena. Chungu kiko wazi, mvuke unajiendea zake. Jiko gani jingine linampa mtu nafasi ndefu hivyo ya kutafakari maisha?

Moshi nao una heshima yake. Unakausha samaki wa mto Lomami kwenye uchaga, unafukuza wadudu kwenye paa la majani. Kazi ya ziada unaifanyia kifuani: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, ya mioto kama hii yetu, iliua watu milioni 3.2. Wala haina upendeleo. Mtoto aliyebebwa mgongoni anapata fungu lake pamoja na mama.

Wapo wanaotisha kwamba paneli ya jua itayang'oa mafiga. Waache waote. Paneli ya wati 50, ikipata jua kali kwa saa tano, inatoa robo ya uniti: taa zitawaka, simu zitachajiwa, hata za majirani. Lakini jiko la umeme la wati 1,000 likipika sombe kwa saa mbili linataka uniti 2, yaani jua la siku nane kwa mboga ya siku moja. Hata Kisangani, ambako bwawa la mto Tshopo lilianza kutoa umeme miaka ya 1950, makaa bado yanauzwa kwa magunia.

Maadui wa kweli wa mafiga ni wadogo na hawana adabu. Kuna mfuniko wa sufuria. Kuna maharagwe yaliyolowekwa tangu usiku. Kuna kuni zilizopasuliwa nyembamba zikaanikwa hadi zikakauka, badala ya gogo bichi linalotoa povu. Mbaya kuliko wote ni udongo wa kichuguu: unakandwa, unazungushwa kwenye mawe yale, unaachiwa mlango mmoja wa kuni, na papo hapo upepo unanyimwa haki yake. Joto linabanwa chini ya chungu, maji yanachemka upesi, na kuni za leo zinasalia za kesho.

Udongo huo umejaa Opala, wala haununuliwi. Kwa hiyo, msomaji mpenda mafiga mwenzangu, ukimwona baba mwenye nguvu zake anaelekea jikoni na ndoo ya udongo, mzuie haraka.