Namna ya Kumpika Bata Mzinga Mbele ya Shangazi

Kabla hujawasha oveni, hakikisha shangazi yako hayupo nchini. Kama yupo, na viza yake ni ya miezi sita, soma mwongozo huu mpaka mwisho, maana vitabu vya mapishi vinavyouzwa huku havina ukurasa hata mmoja unaomhusu.

Mimi naishi Columbus, Ohio, mji wenye Wasomali wengi, Wakongo wa kutosha, na Watanga wachache tunaojuana kwa sauti. Shuleni tulifundishwa kwamba Wazungu wana majira manne na mojawapo ni vuli. Kuna mtu alikaa mahali akatafsiri hivyo, akafunga daftari, akaenda kulala. Vuli yetu ni mvua: unapanda mahindi na barabara inageuka bwawa. Vuli ya Ohio ni majani kupukutika mpaka miti inabaki mifupa, na kufika mwisho wa Novemba jua linazama saa kumi na moja na dakika chache jioni, kana kwamba limechoka na watu. Ndipo kila nyumba inapotamani chakula kizito cha moto, na jamaa wa kukilia.

Sikukuu yenyewe ya kumla bata mzinga, ya Shukrani, huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba. Rais Abraham Lincoln aliitangaza mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, baada ya mhariri mmoja mwanamke, Sarah Josepha Hale, kuwasumbua wakubwa kwa barua miaka nenda rudi. (Ndiye huyo huyo aliyetunga shairi la Mary na mwanakondoo wake, ambalo watoto wa chekechea kwetu huliimba wakidhani limeshuka na chaki.) Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt akaiwahisha kwa wiki moja ili wenye maduka wapate siku zaidi za kuuza kabla ya Krismasi. Nchi ikagawanyika: majimbo mengine yakala wiki hii, mengine wiki iliyofuata, mpaka Bunge likakata shauri mwaka 1941. Yashike haya, kwa sababu shangazi atakuuliza siku hiyo imepangwa na nani. Ukimweleza kwamba na Wamarekani nao waliwahi kusherehekea sikukuu moja kwa siku mbili tofauti, atacheka mpaka ajifute machozi kwa ncha ya kanga. "Kumbe na wao mwezi uliwachanganya!" Kuanzia hapo ataiona sikukuu hiyo kuwa ya watu wazima.

Sasa ndege. Mwagize mapema kwa Msomali mwenye bucha ya halali, wiki mbili kabla, kwa sababu wiki ya mwisho foleni yake inafika mlangoni. Mwenye kilo saba anatosha watu kumi na wawili, au Watanga wanane. Atakuja ameganda kama jiwe la kusagia. Mwingize kwenye friji, rafu ya chini kabisa, na umhesabie siku moja kwa kila kilo mbili. Kwa hiyo ukitaka kumpika Alhamisi, Jumapili awe ameshatoka kwenye friza. Mwonye shangazi mapema. Mimi sikumwonya. Alifungua friji alfajiri kutafuta maziwa ya chai, akakuta kitu chenye ukubwa na uzito wa mtoto wa miezi minne kimelala uchi, na nyumba nzima tukaamka.

Wapo wanaume, hasa wenye mashemeji wa Kimarekani, watakaokushawishi umkaange mzima kwenye pipa la mafuta uani. Barafu na mafuta ya moto havijawahi kupatana. Kila mwaka huku kuna watu wanaounguza gereji zao kwa njia hiyo. Tuwaombee, tuendelee.

Kumwosha. Hapa ndipo ndoa huvunjika. Wataalamu wa afya wa Marekani wanasema usimwoshe ndege mbichi kabisa, kwa kuwa maji yanarusha vijidudu sinki zima na kila kilicho karibu, na vijidudu hivyo hufa kwa moto, si kwa maji. Shangazi anasema asiyeosha kuku ni mtu wa kuogopwa. Usijaribu kumsomea makala. Ondoa vikombe, sahani na kachumbari yote karibu na sinki, mwache amsugue kwa ndimu na chumvi mara tatu kama anavyotaka, kisha akienda kuswali Adhuhuri, wewe osha sinki kwa sabuni na ulipitishie dawa. Sayansi imeridhika, ukoo umeridhika, na hakuna aliyeshindwa.

Akiwa anaosha atakutana na kimfuko ndani ya tumbo la bata. Humo huwekwa firigisi, moyo na maini, na shingo nayo huwa imefichwa humo humo ndani. Wenyeji wengi hukisahau, na mwaka wangu wa kwanza nilimpika ndege pamoja na mfuko wake, nikadhani ile harufu ndiyo desturi. Shangazi alikitoa kwa vidole viwili, akakifungua, akanyamaza kidogo.

"Kumbe wanajua," alisema. "Wameifunga kabisa, kama amana."

Akaisafisha firigisi, akaikaanga na chumvi na ndimu, akaiweka kwenye kisahani na kukifunika kwa kawa aliyoibeba kutoka Tanga ndani ya sanduku, baina ya dagaa na ubani. "Hii ya mwenye nyumba," akatangaza. "Asiiguse mtu." Mwenye nyumba ni mimi, kwa hiyo nilifurahi. Nikamuuliza ya bata mzinga ina tofauti gani na ya kuku. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya ndege ya kivita. "Nitajuaje mimi? Nilipokuwa mdogo ilikuwa ya baba. Nikaolewa, ikawa ya mume. Alipokufa, ikawa ya kijana wangu."

Turudi kwenye viungo. Kitabu cha mapishi kitakwambia chumvi kijiko kimoja na robo. Kiweke kabatini, na kijiko chake. Kipimo cha shangazi ni "kiasi", na usimuulize kiasi gani, kwa sababu atajibu "cha kutosha", na ukiuliza cha kutosha nani, utatolewa jikoni. Baada ya kumvizia kwa siku tatu nimepata tafsiri hii: "bizari kidogo" ni vijiko viwili vya chakula vilivyofura, "tangawizi ya kunukia" ni kipande kirefu kama kiganja, "pilipili moja" ni tatu. Vitunguu saumu havihesabiwi, vinamenywa mpaka mtu aliyepewa kazi hiyo aanze kulalamika. Twanga vyote, changanya na mtindi na ndimu, kisha pitisha mkono taratibu kati ya ngozi na nyama ya kidari na upake huko ndani, kwa sababu bata mzinga ni ndege asiye na maoni yake. Ukipaka ngozi tu, utakula ngozi tamu na chini yake pamba. Mwache alale na viungo usiku kucha.

Oveni iwe nyuzi 325 za Farenhaiti, kama 163 za Selsiasi, na umpe saa nne hivi. Kipimajoto kichomeke kwenye paja pale penye mnofu mwingi, kisiguse mfupa. Kikisoma 165, yaani 74 za Selsiasi, kitabu kinasema ameiva. Shangazi ana kipimajoto chake: anashika mguu na kuuvuta. Ukija, ameiva. Mwaka aliokuja, kipimajoto kilifika 165, nikapiga makofi, shangazi akavuta mguu na mguu ukagoma. "Huyu bado anakusikiliza," akasema. Tukamrudisha ndani kwa dakika ishirini na tano. Naandika hili kwa uchungu, lakini paja lilikuwa bora kuliko miaka yote niliyokitii kipimajoto. Kidari chake sina la kusema, kilihitaji mchuzi.

Wakati huo huo pilau itakuwa inapikwa. Hukuiagiza, wala hakuna aliyekuuliza. Itapikwa kwa tahadhari, shangazi atasema, "wageni wasije wakalala na njaa." Kazi yako ni kusimama chini ya kengele ya moshi na kanga, kwa kuwa vitunguu vya pilau vikikaribia kuwa vyeusi kidogo, pale pale penye rangi ya pilau, ndipo kengele hulia. Pepea. Usiitoe betri, majirani wanatuhitaji tukiwa hai. Maji ya mchele yapime kwa kidole: ncha iguse mchele, maji yafike pingili ya kwanza. Mkaa wa kupalia juu ya mfuniko huku haupo, kwa hiyo sufuria itaingia ndani ya oveni chini ya bata, na mafuta ya bata yatadondokea kwenye mfuniko. Ukoko utakaopatikana humo utagombewa na watu wenye shahada.

Vilivyobaki tuvipitie haraka. Makaroni ya jibini yapike tu, watoto wako wamezaliwa huku na hayo ndiyo wali wao. Maharage mabichi ya supu ya uyoga ya kopo, yenye vitunguu vya kukaanga juu, yalibuniwa mwaka 1955 kwenye jiko la kampuni ya supu na mpishi aitwaye Dorcas Reilly, na yana ladha ya kitu kilichobuniwa kwenye jiko la kampuni ya supu. Viazi vitamu ndivyo vilivyomtoa shangazi machozi ya pili. Watu hawa huchukua kiazi ambacho Mungu amekwisha kukitia sukari, wakakitia sukari nyingine, juu wakapanga peremende laini nyeupe, wakachoma, halafu wakakiweka pembeni mwa nyama na kukiita mboga. (Soma pakiti ya hizo peremende kabla hujanunua. Nyingi zina jelatini ya nguruwe.)

Boga, hata hivyo, linataka subira. Tangu Oktoba shangazi alikuwa akitembea mtaani akiona maboga yamewekwa vibarazani, makubwa, mekundu kama machungwa yaliyoiva, hakuna anayeyapika. Mengine yamechongwa macho na meno. "Wanalinda nini?" aliuliza. Nikamwambia ni mapambo. Alitembea hatua kumi bila kusema neno. Mtu aliyelea watoto sita kwa shamba la muhogo huwezi kumwambia chakula ni pambo akakujibu hapo hapo. Jumatano, kabla sijarudi kutoka kazini, alikuwa amegonga kwa jirani, mama mmoja wa Kimarekani, na bila lugha yoyote ya pamoja akarudi na boga zima ambalo halijachongwa, limekumbatiwa kifuani.

Ujue kwamba yale makubwa ya kuchonga yana maji mengi na nyuzinyuzi. Ladha iko kwenye yale madogo ya pai. Huku hata wenyewe hawahangaiki, hununua la kopo, ambalo sehemu yake kubwa hutoka mashamba ya Illinois, wakalitia mayai, maziwa, mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Nilimwonyesha shangazi kichupa cha viungo hivyo, ambavyo kila vuli hutiwa mpaka kwenye kahawa na mishumaa. Alifungua, akanusa, akafunga. "Hii si masala ya chai?"

La kwake lilipikwa hivi. Kata vipande na maganda yake. Chemsha kwa tui jepesi, hiliki na sukari kiasi (unajua sasa) na chumvi ya kuonja, mpaka kisu kipite. Mimina tui zito la kopo, mbuzi ya kukunia ikiwa imebaki Tanga, punguza moto na ukoroge taratibu lisikatike. Kwa sababu boga hili lilikuwa la maji, alilikausha kwa muda mrefu kuliko kawaida, akilisema vibaya muda wote. Tulimpelekea jirani bakuli. Baada ya nusu saa alirudi na bakuli tupu na kipande cha pai, na wakasimama mlangoni wanaonjeshana boga kwa boga, kila mmoja akitikisa kichwa kwa adabu kubwa. Baadaye shangazi alinong'ona kwamba pai si mbaya, ila imekosa nazi. Sijui jirani alimnong'oneza nani.

Kuhusu saa: waalike wageni saa nane ukitaka waje saa kumi. Wakishatulia, Magharibi itakuwa imeshabisha hodi, kwa hiyo tandika busati sebuleni mapema na bata arudi ndani ya oveni iliyozimwa, amefunikwa karatasi ya alumini. Kumkawiza hakumdhuru, nyama iliyopumzika haimwagi maji ukiikata. Shuka kwenye kisu saa kumi na mbili kasoro. Wazee watakula pilau na kuweka kipande kimoja cha bata pembeni kwa heshima yako. Watoto watakula makaroni. Kesho yake mifupa na masalia yataliwa kwa ugali, na huo ndio mlo utakaosifiwa.

Tulipokwisha kukaa wote nikakumbuka haki yangu. Nilikwenda jikoni, nikainua kawa. Kisahani kilikuwa kitupu, kimeoshwa, kimefutwa. Shangazi alikuwa amesimama dirishani, anatazama giza la saa kumi na mbili, anachokonoa meno kwa kijiti.

"Shangazi, ile firigisi?"

"Firigisi gani, mwanangu?" Hakugeuka. "Bata wa huku hawana firigisi. Wanafugwa ndani."

Kwa hiyo kwa familia ya watu kumi na wawili, nunua bata wawili.