Namna ya Kukaa Rada Ukiwa Kisii

Neno lenyewe ni "rada". Limetokana na radar, kifupisho kilichoanza kutumiwa na jeshi la majini la Marekani mwaka 1940 kwa mtambo wa kugundua vyombo vilivyo mbali. Sheng ikalichukua, na leo hata nyanya wa Nyamira akimsindikiza mjukuu stegi humwambia, "Kaa rada." Yaani fungua macho, usiamini upesi.

Hatua ya kwanza: anzia stegi. Utingo anaapa, "Mmoja tu, twende!" Chungulia ndani. Abiria asiye na mzigo, mguu mmoja nje ya mlango, ni kijana wa stegi aliyeketi ili gari lionekane limejaa. Ukiingia, yeye anashuka. Tafuta gari lenye mama aliyepakata kuku: huyo anasafiri kweli.

Hatua ya pili: simu. Nilikuwa nanunua ndizi soko la Daraja Mbili, simu ya muuzaji ikalia. "Mama, nimekutumia elfu tatu kimakosa. Nirudishie, mtoto yuko hospitali." Mama akaweka kisu chini, akapangusa utomvu mikononi, akasoma ujumbe wa pesa hizo. Umetoka kwa nambari ya mtu, si M-PESA. Akaangalia salio: ni lile lile la asubuhi. "Kijana wangu, hapa hakuna kitu. Mtoto namwombea apone." Akautuma ujumbe ule kwa 333, nambari ya kuripoti matapeli, akarudi kwenye mkungu wake.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu: jua rada inapokomea. Mtambo huonyesha nukta tu kwenye kioo. Kama ni adui au ni ndege ya abiria, sharti mtu aulize. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne walichomwa moto hadi kufa kwa kusingiziwa uchawi. Nukta peke yake ilitosha. Walioinua viberiti hawakuwa rada hata kidogo. Walikuwa na hofu, na hofu haiangalii salio.

Kwa hiyo ukiona taa inawaka usiku kwa bibi jirani, au ukisikia mnong'ono juu yake, fanya alivyofanya mama wa ndizi: weka kisu chini kwanza. Kesho yake, mchana, nenda ubishe hodi. Muulize mwenyewe.